Mashine ya Mwezini Tuliyoizika Buswahili

Kijana aliyekuwa anaongoza ratiba ya mazishi ya Mwalimu Wambura alikuwa na maikrofoni, spika mbili kubwa kama makabati, na hakuwa na hata neno moja la kweli. Alisimama mbele ya jeneza kule Buswahili, suti imembana, akasoma wasifu: marehemu alikuwa mwanasayansi wa anga, marehemu alishirikiana na watafiti wa mataifa makubwa katika safari ya kwenda mwezini, marehemu jina lake liko huko juu mpaka sasa tunavyoongea. Watu wakapiga makofi msibani. Mimi nilikuwa safu ya akina mama, kati ya rafiki yangu Bhoke na mama mmoja wa kwaya, na nikacheka. Si kicheko cha kuficha ndani ya kanga. Nilicheka mpaka mbuzi wa jirani akaacha kula. Bhoke akanikanyaga mguu. "Mama Bwire, utatufukuzisha kabla ya chakula." Nikamwambia watufukuze tu, lakini huyu mtoto ananiibia mwaka wangu. Maana mwaka wa hiyo safari ya mwezini niliuishi mimi, na ndani yake hakuna mwanasayansi wa anga. Kuna mwalimu wa hisabati mwenye shati moja jema, kuna watu wazima wanaonuka dagaa, na kuna shina la mgomba. Nitausimulia mwenyewe, na atakayesema natia chumvi aje Murangi nimwonyeshe chumvi, ninayo magunia.

Nilizaliwa wapi, baba alikuwa nani, nilinyonya mpaka lini, hayo hayana faida hapa. Wengine wameshaandika vya kutosha kuhusu baba zao. Niseme tu kwamba ujana wangu ulichelewa njiani. Wenzangu waliupata wakiwa wasichana. Mimi ulinikuta nina wajukuu, goti linalolia kama mlango wa banda, na biashara ya dagaa pale mwalo wa Murangi, mitumbwi inaposhusha samaki. Nilikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama waanika dagaa, na kwa ukweli mtupu hakuna dagaa aliyekauka katika mkoa mzima wa Mara bila mimi kumtazama usoni. Ndipo akaja afisa mmoja, kijana wa viatu vyeupe. Mtu anayevaa viatu vyeupe mwaloni ameshajieleza. Akatutangazia kwamba kuanzia uchaguzi ujao, kiongozi wa kikundi lazima awe na cheti cha kidato cha nne. Akaongeza kwamba anamfahamu binti mmoja, msomi, ambaye angefaa. Huyo binti alikuja siku moja kututembelea, akaziba pua kwa leso tangu aliposhuka kwenye gari mpaka alipopanda tena. Nikaapa kwamba kiti changu hakikaliwi na mtu anayeziba pua. Masomo mengine niliyavuka kwa kelele na kiburi, lakini hisabati ilikuwa imeshanitapika mara mbili. Nafasi ilibaki moja, mtihani mmoja kabla ya uchaguzi, na kila niliyemuuliza ni nani anaweza kumfundisha mtu mzima hisabati bila kumtukana, alinitajia Wambura.

Kule Butiama ukisema "Mwalimu" bila kuongeza jina, watu wanajua unamsema nani, na si huyu wetu. Huyu wetu ilibidi aitwe Wambura wa Hisabati. Kwao ni Buswahili, lakini alikuwa anafundisha darasa la jioni Bunda, mtaa wa Nyasura, ndani ya ghala la zamani la pamba, na darasa letu sisi watu wa ziwani lilikuwa linafuata mwezi. Asiyejua dagaa nimweleze. Dagaa anavuliwa kwa taa, na taa inataka giza. Mwezi ukishafika nusu na kuanza kujaa, dagaa wanatawanyika, mitumbwi inavutwa mchangani, wavuvi wanalala, na sisi waanikaji tunabaki kupigana na inzi. Muda huo tunauita mwezi, na ule mwingine tunauita giza, hatuna kalenda nyingine. Wambura akapanga kwamba tusome kwenye mwezi tu. Giza likiingia tunarudi Murangi kutafuta hela, mwezi ukitoka tunarudi Bunda kutafuta x. Ghala lenyewe lilikuwa halijaona pamba kwa miaka mingi, lakini nyuzi zilibaki kwenye mbao za paa, na mtu akikohoa zilishuka taratibu vichwani mwetu kama mvi za msaada, kana kwamba zetu hazitoshi. Tulikaa juu ya magunia. Ubao ulikuwa mlango uliopakwa rangi nyeusi, na ulikuwa bado na kitasa chake, kwa hiyo mwalimu akiandika ilibidi akiruke kitasa. Milinganyo yetu yote ilikuwa na shimo katikati. Mpaka leo nikiona alama ya ni-sawa-na, natafuta kitasa.

Nilikuwa nalala kwa Bhoke. Alikuwa na mgahawa mbele na chumba nyuma, katikati pazia la maua makubwa kama mabakuli, na alikuwa mwanafunzi mwenzetu kwa jina tu. Alikuja darasani kwa sababu kule hakuna mtu wa kumwagiza chai. Kwake nilikula vizuri kuliko nilivyosoma: ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, mzito wa kusimamisha mwiko, na furu wa kukaanga, wale samaki wadogo wenye miba mingi ambao ukiwala huku unaongea unakufa. Nikiwa nyuma ya pazia nimekunja miguu na kitabu, nilikuwa nasikia mgahawa mzima, na hapo ndipo nilipousikia ule upuuzi kwa mara ya kwanza. Dereva mmoja wa lori la pamba alikuwa anamwambia mwenzake, "Yule mwalimu wao anasemaga kuna mashine inaenda mwezini." "Ya serikali ya wapi?" "Siyo serikali, bhana. Ni watu tu, wamechanga." "Wamechanga? Kama harusi?" "Kama harusi." Kijiko kikazunguka kikombeni. "Na bibi harusi ni nani?" Nikacheka peke yangu kule nyuma mpaka Bhoke akauliza kama mwiba umenikwama.

Kumbe ilikuwa kweli. Wambura, mtu mzima mwenye mke na madeni ya sukari, alikuwa amependa mashine. Alitufungulia picha yake kwenye simu, darasani, wakati tunatakiwa kuchora grafu. Niliitazama kwa heshima yote niliyokuwa nayo, nayo haikuwa nyingi. Ilikuwa kitu cha miguu minne kilichofungwa karatasi za dhahabu kama zawadi ya kipaimara, kina tumbo kubwa na hakina kichwa. Kampuni moja ya ng'ambo, matajiri kadhaa na marafiki zao, walikuwa wameitengeneza iende ikasimame mwezini yenyewe, bila mtu ndani. Nikauliza ikishasimama itafanya nini. "Itapiga picha," akasema Wambura, macho yanang'aa. "Za nini?" "Za mwezi, Mama Bwire." Nikamwambia mwezi tunao hapa kila jioni, hata kiingilio hatulipi, na unatuharibia kazi. Watu wenye hela za kutupa wakae nazo, lakini wasituchukulie mwalimu. Masatu, mvuvi mwenye mitumbwi miwili na kifua kama pipa, aliyekuwa anakaa gunia la nyuma, yeye alitaka kujua kama inatumia taa, na kama inatumia taa, je, dagaa wataikimbilia.

Hilo la picha ningelisamehe. Lakini siku moja akaingia amevaa lile shati jema, akatuambia kwa sauti ya mtu anayetoa mahari kwamba wale jamaa walikuwa wanaruhusu watu wa dunia nzima kutuma majina yao, bure, yaandikwe kwenye kifaa kidogo ndani ya mashine. Naye ametuma ya darasa zima. Alitegemea tushangilie. Ghala likanyamaza mpaka nyuzi za pamba zikasimama hewani. Sisi kwetu jina si kitu cha kurusharusha. Jina ni la bibi aliyekufa au babu aliyezama. Mtoto akilia wiki nzima wazee wanakaa chini kutafuta ni nani anayedai jina lake. Masatu akasimama polepole. "Mwalimu. Masatu ni babu yangu." "Najua." "Hakuwahi kufika hata Mwanza. Umempeleka mwezini bila kuniuliza?" Wambura akajaribu kueleza kwamba ni herufi tu, ndogo hazionekani kwa macho. "Hata roho haionekani," akasema Masatu, akakaa. Tangu jioni hiyo mashine ikawa yetu, tupende tusipende. Hata mimi niliyekuwa naidharau nilianza kutazama juu nikienda kutupa maji machafu. Nilijiambia naangalia kama mvua inakuja.

Siku ya kutua, Wambura alialika dunia. Nasema dunia, maana nyumba za Nyasura zilibaki na kuku tu. Aliazima projekta ya kanisani, akatundika shuka la kitanda mbele ya ghala, akamkalisha mheshimiwa mmoja wa kata kwenye kiti chenye mikono, na Bhoke akauza soda kama siku ya Pasaka. Jua lilikuwa linazama, mwezi nusu umeshatoka juu ya paa, na watu wakawa wanatazama mwezi, wanatazama shuka, wanatazama mwezi, kama watu wanaofananisha mtoto na baba yake. Kwenye shuka kulikuwa na chumba cha wazungu waliovaa fulana za rangi moja, na pembeni mashine inashuka, lakini haikuwa mashine yenyewe, ilikuwa katuni. Nikauliza kwa sauti kama tumeitwa kutazama katuni. Wambura alikuwa anatafsiri, amesimama kando ya shuka, nusu ya uso wake imepakwa rangi ya mwezi. "Wanasema injini inawaka. Wanasema iko karibu. Wanasema... karibu kabisa." Watu wakashikana. Kisha wale wa kwenye shuka wakaacha kupiga makofi. Wakatazamana. Mmoja akatoa tabasamu la mtu aliyekalia yai. "Wanasemaje?" akauliza mheshimiwa. "Wanasema tusubiri." Tukasubiri mpaka soda zikapata moto. "Na sasa?" "Wanasema wamepoteza mawasiliano." Mzee mmoja akatangaza kwamba yeye ameliona vumbi huko juu, na mpaka leo anaapa. Mheshimiwa akasimama, akajipangusa suruali, akasema ana kikao. Mimi nikasema, na sijuti, "Mwalimu, waambie basi warudishe bando letu." Nyasura nzima ikaangua kicheko. Kicheko cha Bunda si cha kuonewa huruma. Kinamshusha mtu mpaka kwenye magoti. Watoto wakawa wanajiangusha chini wakipiga kelele, "Tumetua! Tumetua!" Wambura akalishusha shuka, akalikunja vizuri kwenye mikunjo yake ya zamani, akaondoka nalo kwapani.

Kesho yake hakuja darasani. Wiki hiyo hakuja, na iliyofuata hakuja. Giza likaingia, tukarudi Murangi tukaanika dagaa, mwezi ukatoka, tukarudi Bunda, tukakuta mlango una kufuli na mtu ameandika kwa chaki: MWEZINI HAKUNA MTU. Alikuwa amerudi kwao Buswahili na amezima simu. Niseme wazi kilichokuwa kinanitia joto, si mapenzi. Mtihani ulikuwa unakuja, yule afisa wa viatu vyeupe alishaanza kumzungusha binti yake mwaloni kumtambulisha, na mimi grafu ya mkunjo nilikuwa naichora kama tumbo la mbuzi. Nilikaa mgahawani kwa Bhoke nikamtukana Wambura mpaka ugali ukapoa. Mwanaume mzima analazwa na bati la wazungu! Bati ambalo halikujua hata jina lake, ijapokuwa lilikuwa limelibeba. Masatu alikuwa anatafuna kichwa cha sato, hana haraka. Alipomaliza akafuta vidole, akasema, "Mama Bwire, yule ana msiba. Na haujazikwa."

Nani wa mwambao asiyejua hilo? Kwetu mtu akizama na ziwa likakataa kumrudisha, hatukai tukisubiri. Tunachukua shina la mgomba, tunalivika shuka, tunalilaza kaburini, tunalililia kwa jina la mtu wetu, na msiba unapata kichwa na miguu. Bila hivyo matanga hayaanuliwi. Watu wanabaki wamekaa, mke hajui kama ni mjane, na wanaume hawarudi kazini. Nimemwona baba mmoja aliyekataa kuzika shina akikaa ufukweni mpaka ndevu zikaota ukungu. Bhoke, ambaye kwao ni nchi kavu kwenye ng'ombe, akasema hajawahi kusikia ujinga kama huo, tukazike mgomba kwa ajili ya bati? Masatu akasema bati limebeba babu yake. Mimi nikasema hata wakitaka tuzike lori nitashika sepetu, nachotaka ni hisabati.

Tukaenda asubuhi, watu watatu, na dagaa, sukari, na mgomba ambao Masatu aliuomba njiani kwa mzee mmoja. Sisi watu wa samaki hatujui migomba. Tulichojua ni kwamba wa msiba unakatwa shina tu, lakini Masatu aliung'oa mzima, na tunguu lake la chini na mizizi inaning'inia udongo. Nilipomuuliza akasema, "Marehemu alikuwa na miguu. Tumzike bila miguu?" Mama Neema, mke wa Wambura, alitupokea mlangoni akiwa na macho mekundu. "Amelala tangu ile siku. Anakula, halafu anageukia ukutani. Nikimwambia nenda kazini, ananiambia nisimcheke. Shemeji Masatu, mimi sijamcheka." Masatu akampa pole ya msiba, pole kamili ya mikono miwili, na yule mama, Mungu ambariki, akaipokea. Akatuonyesha sehemu bondeni nyuma ya nyumba, udongo laini unyevu, akaleta na jembe. Tulipochimba hadi magotini, jirani mmoja katekista akapita, akavua kofia. "Poleni jamani. Ni nani?" "Mgeni," nikasema. "Wa wapi?" "Wa mbali sana, mzee." Akajipiga ishara ya msalaba, akakaa chini, na baada yake wakaja wengine, kwa sababu kwetu ukiona watu wanachimba unakaa, maswali baadaye.

Ndipo Wambura akatoka, shuka begani, lile lile la kutundika. "Mnafanya nini shambani kwangu?" Masatu hakuinua hata kichwa. "Tunazika, Mwalimu. Pole sana. Marehemu alikuwa na urefu gani? Tusije tukamkunja." Nilimwona Wambura akifungua mdomo atutukane, na sikio lake la ualimu likamzidi nguvu. "Mita mbili na nusu," akasema, "ukihesabu na miguu." Akakasirika hapo hapo. "Nyie watu ni wapumbavu! Umenicheka mbele ya watu, Mama Bwire, sasa umenifuata mpaka kwangu?" Nikamwambia nilikucheka, na ukinikasirisha nitakucheka tena, lakini hapa nimekuja msibani, na kwetu hatumshushi mtu kaburini bila taarifa ya kifo chake. Simama utuambie mgeni alikufaje. Majirani wakaitikia, ndiyo, taarifa isomwe. Katekista akasema ni utaratibu. Yule mwanaume alitutazama mmoja mmoja, akautazama mgomba uliolazwa kwenye kanga yangu mizizi imetokeza, na akakaa juu ya kifusi kama mtu aliyekatwa kamba.

Akatoa taarifa. Alianza chini chini. Alisema ile mashine ilikuwa inashuka inapima chini ni wapi, ikapita juu ya ukingo wa shimo kubwa, chini kukakimbia ghafla. Ikaona haiwezekani. Ikaamini hesabu ya kichwani mwake ikaacha kuamini macho yake, ikajiona imefika wakati bado iko juu sana. Ikasimama hewani ikisubiri kuguswa na ardhi mpaka mafuta yakaisha. Nikasema kumbe ilikuwa na akili za afisa. Watu wakaguna kwa masikitiko. "Halafu?" akauliza Masatu, kiunoni ndani ya kaburi. "Halafu ikaanguka." "Kwa muda gani?" Na hapo, mbele ya macho yangu, Wambura wa Hisabati akafufuka. Akachukua mpini wa jembe, akasawazisha kifusi kwa kiganja, akaandika. Hakukuwa na kitasa. Mlinganyo ulitoka mzima, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kwenye udongo mweusi, na mimi nikauona. Kile kimbili kidogo kilichokaa juu ya t nilikuwa nimekitazama muda wote nikidhani ni mdudu. "Kwa nini muda unaingia mara mbili?" nikauliza. Akasema, "Mara ya kwanza kwa sababu unaendelea kuanguka. Mara ya pili kwa sababu kila unavyoanguka unazidi kukimbia." Nikaufuata kwa kidole, herufi kwa herufi. Bhoke ni shahidi. Nilikuwa nimeona maisha ya watu wengi yakienda hivyo hivyo, ila sikujua kwamba kuna mtu alishayaandika kwa herufi nne.

Tukamshusha mgeni, tukamfunika na lile shuka, Wambura mwenyewe akalikunjua. Ulipofika wakati wa kulia kwa jina, tukakwama, maana mashine jina lake la kizungu lilikuwa halililiki. Masatu akamlilia babu yake. Bhoke, aliyekuwa anatuona wajinga, akajililia mwenyewe kwa sauti ya juu, "Uuuwi, Bhoke umekwenda wapi!" na mimi nikajiunga kwa jina langu, na Wambura naye kwa lake. Nadhani ni sisi tu duniani tuliowahi kujizika tukiwa na njaa. Tukarudi nyumbani tukala dagaa, tukaanua matanga siku hiyo hiyo kwa sababu mtihani haukuwa na subira, na mwezi ule ule akarudi Bunda. Mtu wa kwanza kumpigia kelele za "Tumetua!" barabarani alikutana na Masatu.

Mtihani tulifanyia Musoma, ziwa linapiga upepo dirishani karatasi zinataka kuruka. Ndani yake kulikuwa na swali la jiwe lililoachiwa kutoka juu ya mnara. Nililisalimia kwa jina. Nilipata D, na atakayecheka D ya hisabati aje nayo ya kwake tulinganishe. Masatu alipata F iliyonyooka, akaipokea kwa furaha kama sangara mkubwa, akasema sasa amejua. Yule afisa aliposhika cheti changu alikigeuza nyuma na mbele akitafuta ubaya, akasema ufaulu wenyewe ni hafifu. Nikamwambia hafifu ndiyo, lakini umeandikwa. Kiti kikabaki changu, ninakikalia mpaka leo, na viatu vyeupe nasikia vimehamishiwa wilaya isiyo na ziwa.

Hiyo ndiyo habari, na yule kijana wa maikrofoni hana hata kipande chake. Miaka iliyofuata Wambura alikuwa ananipigia simu kila matajiri wanaporusha chuma kingine. "Mama Bwire, imetua! Ila imelala ubavu." Nikamwambia aliyelala ubavu hajatua, amelewa. Akapiga tena: hii imesimama, wima, imepiga picha. Nikamuuliza za nini. "Za mwezi," akasema, na nikamsikia anacheka. Simu ya mwisho sikumwambia neno la maana, nilimwambia bei ya dagaa.

Siku ya mazishi, tulipotoka kaburini, wakaleta chakula. Mbele yangu sahani ya ndizi zilizopikwa na dagaa, zimeiva hadi zinaachana zenyewe. Mama Neema alikuwa amesimama mlangoni kwa nguo nyeusi, anamwagiza binti wa jikoni: "Hazitoshi. Nenda mwezini ukakate mkungu mwingine." Binti akachukua panga akaelekea bondeni bila kuuliza. Nikainua macho. Kule nyuma ya nyumba, tulipomlaza mgeni na mizizi yake kwa sababu watu wa samaki hawajui kuzika mgomba, kulikuwa na migomba ukuta mzima, majani yanagongana. Bhoke akasema iliota msimu ule ule, Wambura alikataa isikatwe, na watoto wa pale wamekua wakipaita hivyo. Nikaitazama sahani yangu. Nikala. Nitasema ukweli kwa marehemu kama nilivyousema akiwa hai: ilihitaji chumvi. Lakini wale matajiri na fulana zao za rangi moja, na vyuma vyao vilivyosimama na vilivyolala, hawana hata kimoja kinachozaa.

Wakati wa kuaga, Mama Neema akanishika mkono. "Wifi, ondoka na mche." Nikamwambia wa nini, mimi mtu wa dagaa, Murangi ni mchanga na chumvi, na migomba siijui. Akashuka bondeni mwenyewe kwa nguo zake za ujane, akachimba, akaufunga kwenye kiroba na udongo wake, akaniletea. Nikaupokea kwa mikono miwili.